Shibiri Mbili za Kamba

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipakia sifa kwenye miimo ya mlango wa uani, maana mchwa walikuwa wameanza kuila. Sifa ni mafuta ya maini ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, na wenzangu wa rika langu waliokulia pwani hawahitaji kuambiwa yananukaje. Kijana alipomaliza akanawa mikono mara tatu, akaenda zake. Mimi nikabaki na harufu. Nikainuka kwenda jikoni, nikafika nisijue nimefuata nini, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Nilishinda hivyo mpaka binti yangu akaniuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikamjibu kwamba sijapoteza kitu, na haikuwa kweli.

Pale uani pana benchi. Mbao zake ni za mvule, miguu yake ni ya chuma kilichopindwa, na ncha za miguu zimetanuka kama makucha ya nanga. Kila mgeni anayeingia hulikalia na kulisifia. Mimi sijalikalia hata siku moja, na wanangu wanadhani ni kwa sababu sijui kutulia. Kutotulia ni kweli. Hata ukurasa huu nimeuandika huku nikiinuka mara tatu, mara moja kwenda kufukuza kuku ambaye hakuwapo. Lakini benchi silikalii kwa sababu nyingine, na leo nataka niiseme.

Nilizaliwa Mafia, Kilindoni, enzi za Mwingereza. Nilikuwa mtoto wa kuhangaika. Nikitumwa maji nilirudi kwa njia nyingine ili nione kulikoni huko, na chuoni, kwenye Kurani, mwalimu alinikalisha mbele yake ili anishike bega. Mama akiniambia, "Wewe umekalia upupu?" Baba yeye alicheka tu, akaniita Tiara, maana tiara ya karatasi nayo haijui kukaa chini pakiwa na upepo. Ninyi mliokuwa watoto watulivu hamwezi kujua tabu yake. Mwili unakwenda, wewe unaufuata.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Hakuwa na rula wala futi. Alipima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa kamba nyembamba ya usumba aliyoisokota mwenyewe, na mwisho wa kila kipimo alipiga fundo lake, dogo na gumu, ambalo alinifundisha nikiwa sijajua hata kufunga khanga vizuri. Watu walisema Fundi Omari hakosei. Akitazama gogo alijua litatoa mbao ngapi. Kisha siku moja mkuku wa mashua, lile gogo kubwa la chini, uliteleza ukamponda goti, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuchutama ndani ya chombo. Na mashua haiundwi na mtu anayesimama wima. Kwa miezi mingi alikaa barazani mguu kaunyoosha, akiwaamkia wapitao, na mafundi wenzake waliokuwa wakija kumwuliza ushauri wakaanza kupunguza kuja. Mimi nilikuwa mdogo lakini nililiona hilo. Nilimwona akizinoa patasi zake ambazo hazikuwa zimekata kitu.

Ndipo akaja Karani Saidi wa Boma. Alikuwa mtu wa heshima, wa ukoo wa Kiarabu wa pale pale kisiwani, kanzu nyeupe na koti juu yake hata jua likiwa kali.

"Shikamoo, Karani," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

Baba alikuwepo, angekwenda wapi. Karani akatoa ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha bidhaa za Ulaya, una picha ya kiti kirefu kimewekwa katikati ya maua. Akaeleza kwamba Bwana DC anapanda bustani mbele ya mlingoti wa bendera, na anataka mabenchi sita ya namna ile, ya chuma na mbao. "Anataka moja kwanza alione. Likimridhisha utatengeneza yote, na kazi zote za Boma zitakuwa zako. Kazi ya kusimama, Fundi. Goti lako halina habari."

Sisi watoto tulishangaa sana. Kwetu mtu hukaa nje ili awatazame watu, ajue nani kapita na nani kaenda wapi. Mtu mzima kukaa akitazama maua, na maua hayamwamkii, ilikuwa habari mpya. Lakini Karani alipoondoka, Baba aliinuka bila mkongojo akaenda mpaka kwenye mti wa mkungu, akarudi. Mama alimtazama kutoka mlangoni, akajifunika uso kwa ukaya ili asionekane analia.

Chuma walikipata kwenye shamba la zamani la minazi, kwenye mikokoteni mibovu. Zile pete za chuma zinazozunguka gurudumu ndizo Baba alizozitaka, kwa kuwa tayari zimeshapinda. Mzee Athumani mhunzi alizitia motoni, akazikunjua na kuzikunja upya. Mzee Athumani maisha yake yote alifua nanga, na picha ya Karani aliitazama mara moja tu akasema ameielewa, kwa hiyo miguu ilitoka na makucha. Baba alichora mgongo wa benchi kwa mkaa ukutani, akaufuta, akauchora tena, mpaka akaufananisha na taruma, ubavu wa mashua. Alisema mgongo wa mtu na ubavu wa mashua vinapenda mpindo mmoja. Nilimpitishia bolti moja moja. Sikumbuki wakati mwingine wowote nilipokaa mahali pamoja asubuhi nzima.

Benchi la kwanza lilikuwa zuri, na liliharibika kwa jambo ambalo fundi wa nyumba asingelifanya kamwe. Baba alizibana mbao za kukalia zisiachane hata unywele, akagongelea pamba kwenye maungio, kalafati kama ya chombo kinachokwenda Kilwa, kisha akalipaka sifa mara mbili. Mvua ikanyesha. Asubuhi benchi la Bwana lilikuwa limejaa maji kama karai, na mkewe Bwana, aliyelikalia lilipokauka, akainuka na gauni jeupe lenye michirizi ya mafuta ya papa.

Karani alikuja nalo kwenye gari la punda la Boma. "Fundi, Bwana aliagiza benchi. Hili linaelea?"

"Linaelea," Baba alisema kwa unyofu. "Ukitaka."

Karani alijitahidi asicheke, akashindwa. Wakaongea pembeni kwa muda mrefu, nami nikatumwa kuwanunulia kashata, kwa hiyo mengine yote waliyosemezana sikuyasikia. Nilichojua ni kwamba benchi limekataliwa kwa sababu ya maji na mafuta, na kwamba Bwana ametoa nafasi moja zaidi. Baba akalivunja, akatoa miguu ya chuma akaiweka kando, na mbao zilizonuka akawapa wavuvi wa ngalawa.

Wakati huo ndipo Mama alipougua. Homa ilimshika ikakataa kumwachia. Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kuliko Baba kwa kichwa kizima, na watu waliwatania harusini kwamba bwana harusi apewe kigoda. Sasa alilala kwenye kitanda cha kamba, miguu ikifika mwisho wa kitanda, midomo imekauka. Majirani walikuja na kuondoka wakinong'ona. Mimi nilipewa kazi ya kumpepea, na kila mara nilijikuta nimefika mlangoni, kisha nje, kisha nyuma ya nyumba, pepeo mkononi, nikimpepea nani sijui.

Siku moja baada ya adhuhuri nilirudi kwenye mojawapo ya safari zangu hizo nikachungulia chumbani. Mama alikuwa amelala usingizi. Baba alikuwa ameinama juu yake, goti bovu limenyooshwa upande, anaikaza kamba ya usumba kuanzia utosini mwa Mama hadi nyayoni. Alikuwa anakwenda polepole asimwamshe. Alipofika mwisho akaongeza shibiri moja, akapiga fundo lake, akaikunja kamba akaitia mfukoni. Akapangusa macho kwa mkono.

Ili mwelewe nilichokiona, nirudi nyuma kidogo. Mwaka uliotangulia bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa amefariki. Kabla hajaoshwa, mjomba aliingia na ukuti, akaunyoosha kando ya maiti kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaukata, akautoa nje kwa vijana waliokwenda kuchimba kaburi. Ndivyo kwetu kipimo kinavyochukuliwa, ili mwanandani wa kaburi umtoshe mwenyewe. Kisha likaletwa jeneza la msikitini, la mbao, lenye miguu minne, Bibi akabebwa na wanaume wanne na hakurudi tena. Kwa hiyo mimi nilijua mtu anayelala hupimwa kwa ajili ya nini.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Kisha nikarudi ukumbini, nikamwona Baba na Mzee Athumani wakizipanga mbao mpya za mvule, na miguu minne ya chuma iko kando inangoja.

"Mgonjwa vipi?" Mzee Athumani aliuliza.

"Vile vile."

"Allah amjaalie afya. Hii ikiwa tayari nitaleta watu wanne wa kuibeba. Nzito hii."

Basi. Sikuuliza kitu. Mtoto wa enzi zetu hakuuliza mambo ya wakubwa, na hata ningeruhusiwa, ningeogopa jibu. Nilichokifikiri ni hiki, nakiandika kama nilivyokifikiri: lisipomtosha, hawezi kuondoka. Jeneza lililopungua halimbebi mtu. Watamrudisha kitandani na kumpa uji. Nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua jina langu.

Koti la Baba lilitundikwa msumarini wakati wa alasiri alipokwenda kuswali. Niliitoa kamba, nikapima shibiri mbili za mkono wangu kutoka mwisho, nikakata kwa kisu cha Mama cha vitunguu. Kisha nikapiga fundo. Nililipiga mara nne mpaka likawa dogo na gumu kama lake, na wakati nalipiga nilijisikia fahari, Mungu anisamehe, kwa jinsi lilivyofanana. Kamba nikairudisha mfukoni. Kipande nilichokikata nikakitia motoni, chini ya chungu cha uji wa Mama.

Kesho yake Baba alikata mbao. Alikuwa hajalala siku tatu kwa kumwuguza Mama, macho mekundu. Nakumbuka alinyoosha kamba juu ya ubao, akatia alama, akasimama. Akatazama ubao. Akatazama kamba. Akarudi nyuma hatua moja akautazama tena ubao ule kwa jicho lile ambalo watu walisema halikosei, nami nikazunguka kisima mara mbili mbio kwa kushindwa kusimama. Kisha akaamini kamba, akachukua msumeno.

Safari hii aliziachanisha mbao ili maji yapite, wala hakupaka sifa. Alizipiga randa mpaka zikawa laini kama kaimati. Siku ya nne wakaja watu wanne na Mzee Athumani, wakaliinua, na mimi nikawafuata, nikingoja wapinde kuelekea msikitini. Hawakupinda. Benchi likapita mbele ya msikiti bila kusimama. Likapita soko. Nyuma yetu nyumbani Mama alikuwa kitandani anapumua, nilikuwa nimehakikisha kabla ya kutoka, na mbele yetu ilikuwa bendera ya Boma.

Wakaliweka bustanini. Bwana DC akatoka. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu, na jambo la kwanza nililoliona ni urefu wake, mtu mrefu kama mnazi mchanga. Akapitisha kiganja juu ya mbao, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia Baba kwa Kiswahili chake, "Mzuri, Fundi. Mzuri sana." Baba akatabasamu. Kisha Bwana akavua kofia, akalala chali juu ya benchi akajifunika uso kwa kofia ile, na miguu yake ikatokeza nje nusu ya muundi, viatu viwili vinaning'inia hewani.

Askari mmoja akacheka, na wengine wakacheka.

Bwana hakukasirika. Aliinuka akakaa, akazungumza kwa Kiingereza. Karani akatafsiri akiwa ameelekeza macho kwenye maua. "Bwana anasema kazi ya mikono ni nzuri. Lakini alikwambia mara ile kwamba anataka apate kulala hapa mchana, kipimo cha mtu mrefu aliyelala. Anasema hili limekuwa lile lile la kwanza. Yaishie hapo, Fundi. Ataagiza Dar es Salaam."

Ndipo nikaelewa yale waliyosemezana nilipotumwa kashata. Ndipo nikaelewa kwa nini alipimwa Mama: nyumbani kwetu hakukuwa na mtu mrefu mwingine.

Baba akatoa kamba mfukoni. Akaikaza juu ya benchi kutoka ncha hadi ncha, na fundo likaangukia ukingoni sawasawa. Akalishika fundo kwa vidole viwili. Akalitazama muda mrefu, na mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka kwake, nyuma ya mti wa asumini, nikiwa nimesimama tuli kama sijawahi kusimama maishani mwangu. Neno lilikuwa mdomoni. Kusema "ni mimi" hakuchukui muda.

"Mwambie Bwana kamba na benchi ni sawa," Baba alisema. "Aliyekosea ni mimi. Nimepima vibaya."

Wale watu wanne wakalibeba tena. Tulipofika nyumbani, Mama alikuwa ameketi kitandani. Jirani alikuwa amemshika bakuli, naye anakunywa uji mwenyewe, na jasho limemtoka usoni, jasho la homa inayoondoka.

Sasa niambieni, mtoto wa umri ule angefanya nini? Nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu kwamba lilikuwa benchi tu. Lakini nilikuwa nimeona pia kwamba limerudi likiwa fupi na Mama amefufuka. Nikajiambia, imefaa. Na kilichofuata kikawa kibaya zaidi, kwa maana nikaingiwa na hofu kwamba nikisema kweli, nitalivunja lile lililomponya. Nikamtazama Baba alivyokaa barazani, na mkongojo wake tena mkononi, nikamtazama Mama akianza kutembea kwa kushika ukuta, nikawa nakimbia kati yao wawili, nje ndani, nje ndani, mpaka Mama akasema, "Lo, afya imenirudia mimi, upupu umekurudia wewe."

Benchi likabaki kwetu. Mama alilipenda. Alilikalia kila alasiri akimenya mbaazi, na baada ya muda akalikalia akimnyonyesha mdogo wangu Salimu, ambaye asingezaliwa kama homa ile ingeshinda. Yeye aliona ni kiti kizuri kuliko vyote Mafia nzima. Baba akisikia hivyo aliinuka akaenda kutafuta kitu chumbani.

Watu wa Kilindoni wakampa jina. Hawakuwa wabaya, ni midomo tu. Wakamwita Fundi Miguu Nje. Mabenchi sita yakaja kwa meli kutoka Dar es Salaam, meusi, ya chuma kitupu, yakababua watu jua likiwaka. Baba hakupewa tena kazi ya Boma, wala hakuiomba. Akatengeneza mbuzi za kukunia nazi, vigoda, miiko mikubwa ya sherehe, vitu vya kukadiria kwa mkono. Mtu akimletea kazi ya kipimo, kitanda au mlango, alipima mara mbili, akakaa, akapima mara ya tatu. Na kila mara aliniita.

"Tiara, njoo ushike ncha. Wewe una macho. Mimi siku hizi sijiamini."

Nilishika ncha. Nimeishika ncha ile kwa miaka, nikiwa mwali, nikiwa mke wa mtu, nikija kuwatembelea na watoto mgongoni. Alikuwa ananiuliza, "Sawa?" nami namjibu, "Sawa, Baba," kisha ndipo anakata. Sijui adhabu gani hakimu angenipa iliyozidi hiyo.

Nilimwambia mwishowe. Mama alikuwa ameshafariki, Salimu ana ndevu, Mwingereza amekwenda zake. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi alasiri, mimi nimesimama mbele yake.

"Baba, ile kamba niliikata mimi."

"Kamba ipi?"

"Ya benchi hili. Nilikuona ukimpima Mama nikadhani unamtengenezea jeneza. Nikakata shibiri mbili."

Alinitazama, macho yake yakajaa huruma, na nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba maneno yangu hayajamfikia.

"Mwanangu," alisema, "mama yako kabla hajafa alinambia kwamba siku ile alikuwa macho, akajikunja makusudi kwa haya. Salimu naye, wakati ule hata hakuwa amezaliwa, ameniletea maneno ya Mzee Athumani kwamba chuma kilisinyaa. Leo wewe. Nyumba nzima mnataka kunitua mzigo."

"Wallahi, Baba. Nilikata nikapiga fundo jingine."

"Fundo lile lilikuwa langu," alisema, na safari hii kwa ukali kidogo, sauti ya fundi. "Nililishika kwa mkono wangu. Mimi nilijue fundo la mtu mwingine nisilijue? Niachie hata hilo." Kisha akapiga mbao kwa kiganja kando yake. "Kaa basi, upumzike. Maisha yako yote umesimama."

Sikukaa. Nilisema nasikia mtoto analia, nikaondoka. Hakuna mtoto aliyekuwa analia.

Alifariki miaka michache baadaye, asubuhi, katika kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Kabla waoshaji hawajafika, Salimu aliingia na kamba. Vijana walikuwa wanangoja nje na majembe. Kamba ilikuwa inamponyoka, akaniambia, "Dada, nishikie ncha."

Nikapiga magoti kichwani pa Baba. Nikaishika. Salimu akaikaza mpaka nyayoni, na nilipoona jinsi alivyokuwa mfupi, mfupi mno, kitu kikakatika ndani yangu nikasema kwa sauti, "Baba, ni mimi niliyekata."

"Umekata nini?" Salimu akauliza kwa mshtuko, akiitazama kamba.

"Sijakata kitu," nilimwambia. "Pima."

Akapima. Kisha akapima tena mara ya pili, na ya tatu, kama Baba alivyotuzoeza sote, na mimi nimepiga magoti pale pale bila kujitikisa, sikuiachia ncha mpaka aliponigusa bega akasema, "Basi, dada. Ni sawa."